Nyota Kibete ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ningepaswa kujua mapema kwamba pana jambo.

Nilikuwa nashona kola za sare za shule, redio inaongea, sina ugomvi na mtu. Taarifa ya saa nne ikaingia. Mtangazaji kasema wataalamu wa anga wamegundua sayari tatu zinazoizunguka nyota moja ndogo nyekundu, nyota kibete, jirani yetu kabisa, umbali wa miaka ya mwanga kumi na miwili tu. Ile ya katikati huenda ina maji. Huenda kiumbe akaweza kuishi huko.

Sindano ikanichoma kidole.

Si kwa ajili ya sayari. Sayari zimenikosea nini? Ni kwa ajili ya Dada. Dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa fizikia, miaka sitini na minane, amelala kwangu chumba cha nyuma tangu moyo wake uanze kuchoka miezi minne iliyopita. Dirisha lake linatazama ua, na redio yangu inatazama dirisha lake. Nikairukia kuizima. Nimechelewa.

Nikaingia chumbani nikijitia hamnazo, eti kumuuliza kama anataka maji. Nimemkuta amekaa kitako, mwenyewe, bila kushikwa. Kasema neno moja tu.

"Nilisema."

Nikamuuliza alisema nini. Kanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi wa dawati la mwisho. Alisema miaka thelathini na moja iliyopita, kasema, na alisema kwa maandishi, kurasa kumi na nne: sayari za kuishi zitafutwe kwenye nyota kibete. Si mimi niliyepeleka bahasha yake posta, ikaenda kwa wakubwa wa elimu hiyo?

Nikasema ndiyo, ndiyo! Kwa rejista!

Hapa naandika ukweli kwa sababu daftari halina mdomo. Bahasha ile haikufika posta. Nilipita kibanda cha chai kucheza drafti na muuza vifungo. Mchezo mmoja tu. Ikawa sita. Nilipogeuka kuitafuta bahasha, mwenye kibanda alikuwa amefungia watu sukari kwa kurasa zote, hesabu na michoro. Nikarudi nyumbani nikamwambia Dada imekwenda salama. Kila Ijumaa nikamwona akienda posta kuulizia jibu, mpaka Ijumaa moja akaacha.

Na sasa sayari zimeonekana. Palepale aliposema.

Lazima nitende jambo.

Jumanne, 4 Machi

Daktari kaja. Kampima Dada, kanivuta pembeni. Kasema ni wiki tano. Sita zikizidi sana. Mke wangu kaenda kulia jikoni. Mimi nikasimama uani nikikunja futi ya kupimia, nikiikunjua, nikiikunja tena.

Dada kumbe alisikia. Masikio ya mwalimu! Katuita, kaagiza kalamu. Redio ilisema ile sayari ya katikati huizunguka nyota yake kwa siku kumi na moja. Basi mwaka wa kule, kasema, ni siku kumi na moja. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha ya vidonge.

"Wiki sita ni karibu miaka minne. Kumbe bado nipo nipo."

Akacheka. Mke wangu naye akacheka, machozi yakimtiririka. Mimi sikucheka, nilikuwa napanga. Dada asiondoke bila heshima yake. Na asiondoke akijua habari za sukari. Mambo mawili, mshono mmoja.

Alasiri kaja Kinyozi. Duka lake linatazamana na kibanda changu. Redio yake kubwa kuliko yangu, kioo chake kikubwa, na wateja wake wakizidi huja kukalia benchi langu. Kasema amesikia habari za sayari hakuelewa, na watu wamemwambia Mwalimu anaelewa. Ana daftari mkononi! Mtu aliyeishia darasa la nne! Nikamwambia mgonjwa anapumzika. Sauti ya Dada ikatoka ndani: aingie.

Kakaa saa nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi tena. Jana pia. Anakuja saa tisa, anamwacha mteja kitini na nusu kichwa.

Nimesikiliza mlangoni. (Nilikuwa napita na pasi.) Dada anamweleza kwa nini nyota kibete. Kasema mdudu akitua kwenye taa ya uwanja wa mpira, hakuna anayejua. Akitua kwenye kibatari, chumba kizima kinajua. Sayari ndiyo mdudu. Nyota kibete ndiyo kibatari. Ukitaka kuiona sayari ikipita, achana na majua makubwa, vizia vibatari. Na vibatari ni vingi angani kuliko taa, ila watu hupenda taa.

Kinyozi kauliza kama huko si baridi. Swali la maana, kasema Dada. (Mimi sijaambiwa hivyo tangu nizaliwe.) Kibatari hakina joto jingi, kwa hiyo sayari husogea karibu kuota moto. Ila ikisogea mno, haigeuki tena. Upande mmoja mchana daima, upande mwingine usiku daima. Kinyozi kauliza, basi mtu angejenga wapi? Dada kasema, mpakani, ambako ni alfajiri siku zote.

Kalamu ya Kinyozi ikikwaruza kama kuku.

Mimi ndugu yake wa tumbo moja, sijawahi kuelezwa habari za kibatari! Alipoondoka nikamuuliza Dada kwa nini. Kasema alinieleza, jioni ile aliponipa bahasha. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku napanga vifungo kwa rangi.

Uongo mtupu.

Nimefikiria. Pengine si uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi ana daftari. Ana darubini? Hana!

Vifaa: bomba la karatasi ngumu lililobaki katikati ya jora la khaki. Kioo kimoja cha miwani ya kusomea ya mke wangu (kimoja tu, kingine nimemwachia, mimi si mnyama). Kile kioo cha kukuzia ninachotungia uzi. Gundi. Saa sita mchana darubini ikawa tayari.

Nikaijaribu kutoka kibandani kuelekea dirisha la Dada. Kupima tu. Kila kitu kinaonekana juu chini! Kitanda kimebandikwa darini. Kinyozi kaning'inia kama popo na daftari lake. (Siku hizi anakuja hata kabla ya saa tisa.) Na Dada juu chini vilevile, anacheka. Mdomo wazi, kiganja kifuani, kama alipokuwa msichana anarudi kisimani na wenzake. Nilisahau kwamba ana pengo la upande. Tangu ahamie kwangu sijamwona akicheka hivyo.

Nimetazama muda mrefu. Sare za watu zimechelewa.

Mke wangu akaivaa miwani. Alichosema sikiandiki.

Nimempelekea Dada darubini, nikamwambia ni zawadi, aione nyota yake. Kaipokea kwa mikono miwili. Kasema nyota yake haiwezi kuonekana kwa kioo cha miwani, ni hafifu mno, lakini kazi ni safi na gundi haikuchuruzika. Halafu kasema inafaa sana kwa kuchungulia wageni wa watu.

Alijuaje?

Jumapili, 9 Machi

Darubini ilikuwa utangulizi. Mpango wenyewe ni huu hapa, na najisifu.

Barua! Kutoka Jumuiya ya Dunia ya Nyota Ndogo. Sijui kama ipo, ingepaswa kuwepo. Barua inasema hivi: Mwalimu mheshimiwa, tulipokuwa tunahamisha makabati tumeikuta bahasha yako ya miaka thelathini na moja iliyopita. Ilidondokea nyuma. Tumeisoma tukapigwa na butwaa. Ulisema kweli kabla ya wote, tangu miaka mingi ya mwanga iliyopita. Tunakuomba radhi, na sayari ya katikati tunaipa jina lako. Wako watiifu.

Ona mshono ulivyokaa! Bahasha ilifika. Kosa ni la kabati. Dada anapata heshima yake, mimi napata usingizi wangu.

Duka la kuchapa limefunguliwa leo, bahati. Mchapaji kauliza jumuiya hiyo iko wapi. Nikamwambia achape. Mhuri nimetengeneza mwenyewe: kifungo kikubwa cha koti la baharia, kina nanga, nimekichovya kwenye wino wa buluu. Umetoka vizuri kuliko mihuri ya ofisi nyingi ninazozijua.

Mke wangu kaisoma, kanirudishia. Kasema Dada hana haja na jumuiya, ana haja na mtu wa kukaa naye. Kwa nini nisiende tu nikakaa, kama Kinyozi?

Kama Kinyozi! Nimemwambia hajui mambo ya heshima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia kwa Dada na barua, nikihema kama niliyetoka posta mbio. Imefika, Dada! Imefika!

Kaisoma mara mbili, polepole, kidole kikifuata mstari. Uso hausemi kitu. Miguu yake imevimba, mikono imekonda, niliona barua inatetemeka. Nikadhani ni furaha. Kaiweka chini ya mto, kaniomba kalamu.

Nikampa ya buluu. Kasema hapana, nyekundu.

Nimetoka nikitembea kwa madaha. Anataka kuwajibu! Kwa kalamu nyekundu, rangi ya nyota yake. Nimempungia mkono Kinyozi kutoka kibandani, kwa ukarimu wote wa mshindi.

Jumanne, 11 Machi

Tisa kwa ishirini.

Barua imerudi imesahihishwa. Herufi kubwa zimekosekana mara saba. "Butwaa" imezungushiwa duara, pembeni kaandika: lugha ya mashangazi, si ya wanasayansi. Nilipoandika "tangu miaka mingi ya mwanga iliyopita", kapiga mistari miwili: mwaka wa mwanga ni umbali, si muda, nimekwambia mara ngapi? Kwenye mhuri kaandika: nanga ya nini? Nyota zina bandari? Na chini kabisa: Moyo mzuri. Rudia.

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Kitinda," kaniita. Jina la utotoni, mimi ndiye kitinda mimba. "Bahasha yangu ilikwenda wapi?"

Nikasema posta. Akanyamaza. Huo ukimya wake ndio uliowatoa wasichana wa shule yake ukweli kwa zaidi ya miaka thelathini, mimi ni nani nisimame mbele yake? Nikayamwaga yote. Drafti, muuza vifungo, sukari. Nikapiga magoti. Nikasema, Dada, mimi ndiye niliyekuibia jina lako.

Akanipapasa kichwani.

"Najua. Nilijua jioni ileile. Ulirudi umeshinda vifungo sita, unavichezesha mfukoni."

Nikainua uso.

"Nilinakili mara mbili," kasema. "Moja nikakupa wewe, nyingine nikaipeleka mwenyewe kesho yake. Nimekujua tangu unatambaa."

Nikauliza, kama alinijua, kwa nini alinipa?

"Uliomba kusaidia. Ningekukatalia vipi?"

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Mistari miwili. Wazo linavutia, uthibitisho hakuna, asante kwa kutuandikia. Basi. Kalilaza ndani ya kitabu, hakumwonyesha mtu. Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi, miaka yote hiyo?

Mwanzoni alikuwa na aibu, kasema. Halafu akaona nimekuwa ndugu mwema. Kila mwaka gauni jipya, bila kuagizwa. Paa lake likivuja, mimi. Akiumwa jino, mimi. Akasema moyoni, nikimwambia, hatakuja tena.

"Na mimi nilikuwa peke yangu, Kitinda."

Mtu mwema angemkumbatia hapo. Najua. Mimi nilikuwa nahesabu. Magauni thelathini na moja! Makoti mawili! Paa mara nne! Miaka thelathini na moja ya kushtuka kila nikiona tarishi! Na yeye anajua, anakunywa chai yangu!

Nikasimama. Nikasema, kumbe umenichezea muda wote huo. Nikatoka nikaubamiza mlango. Kitasa kibovu, mlango ukafunguka. Nikarudi nikaubamiza mara ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Nimenuna rasmi. Chai yake nimempa mke wangu ampelekee. Maji vilevile. Napita dirishani kwake nikitazama mbele kama askari wa gwaride.

Mke wangu kasema nina wazimu. Mgonjwa wa kuhesabiwa wiki ananuniwa? Nikamwambia wiki ni sita, kununa ni siku tatu nne tu, hesabu inakubali. Hata yeye Dada anajua hesabu.

Kinyozi kaja saa tisa. Nimesikia anasoma daftari lake kwa sauti, Dada anamrekebisha. Sauti yake imepungua. Anajifanya, ili nimhurumie.

Alhamisi, 13 Machi

Kinyozi kaja kibandani kwangu. Kavua kofia. Kasema Mwalimu ananiulizia. Ametumwa aniambie kwamba kuna kitu hajamaliza kunieleza, kuhusu ile sayari, upande wa alfajiri.

Nikamwambia amweleze yeye Kinyozi, si ndiye mwanafunzi hodari?

Kinyozi hakuondoka upesi. Kasimama anachezea mikasi mfukoni. Kasema yeye hana dada, angekuwa naye asingekaa hapa na kola. Nikawasha cherehani, nikakanyaga kwa nguvu mpaka akaondoka.

Kesho kutwa nitaenda. Jumapili labda, ndiyo siku nzuri. Nitavaa shati la kwenda kwa watu, nitaingia kama mtu aliyesamehe.

Jumamosi, 15 Machi

Dada amefariki jana saa kumi kasoro.

Naandika ilivyokuwa. Nilikuwa kibandani, napiga pindo la sketi. Mke wangu akaniita kutoka uani. Aliita jina langu, halafu akaita tena. Nikajua ni mbinu. Wamepanga, nikasema, yeye na Dada, kunivunja kabla ya Jumapili. Akaita mara ya tatu.

Nikamalizia pindo kwanza.

Pindo la sketi ni mzunguko mmoja. Dakika ngapi? Nne. Tano ukiwa mwangalifu, na mimi nilikuwa mwangalifu. Nikakata uzi. Nikakunja sketi. Nikaingia ndani na uso wangu wa kununa.

Kinyozi alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wake wa kushoto. Mke wangu upande wa pili. Dirisha wazi. Dada amefumba macho na mdomo umekaa kama mtu anayetaka kuanza neno. Nikamwita. Nikamwita tena. Hata nikamwambia, haya basi, nimesamehe.

Mke wangu kasema Dada aliuliza kama ile ni sauti ya cherehani. Akaambiwa ndiyo. Akasema, basi yupo. Yalikuwa maneno ya mwisho.

Wiki sita, alisema daktari. Miaka minne ya kule. Tangu redio itangaze mpaka jana ni siku kumi na moja. Alipata mwaka mmoja tu.

Jumatatu, 17 Machi

Tumemzika leo asubuhi.

Gauni la kumzikia nimeshona mimi, sikukubali mtu mwingine aguse. Kitambaa chekundu kilichoiva, nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya mteja. Nimeshona bila kusimama. Mshono wa ndani nimeuficha, kola nimeipiga pasi mara tatu. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kuzifanya.

Halikumtosha. Yaani lilimzidi. Mke wangu alipomvisha, mabega yalianguka, kiuno kikaelea. Kaja kuniuliza nilipima lini. Sikupima. Nilitumia vipimo vyake vya siku zote, navijua kwa kichwa. Hakunilaumu. Kachukua pini, kalibana kwa nyuma, kwa mbele halikuonekana.

Miezi minne alikuwa chumba cha nyuma. Hatua kumi na nane kutoka kwenye cherehani. Nimezihesabu leo. Sikuona kwamba alikuwa amepungua kiasi kile.

Watu walikuwa wengi. Wasichana wake wa zamani, sasa wanawake wenye mvi, walijipanga mistari bila kuambiwa. Kinyozi alilia kwa sauti mpaka watu wakauliza ni ndugu gani. Kaka yake, mtu mmoja akajibu. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimesimama nyuma.

Jumatano, 19 Machi

Kinyozi kaniletea daftari lake. Kasema ni langu kwa haki, ni sauti ya Mwalimu, yeye ameshakariri.

Nimelisoma. Tahajia ya kutisha! Lakini Dada yumo. Anakohoa, kaandika: "hapa Mwalimu kakohoa". Anacheka, kaandika: "hapa kacheka". Ukurasa wa mwisho ni wa Alhamisi ile alipokuja kibandani kwangu. Watu wa upande wa alfajiri, kasema Dada, wangekuwa hawalijui neno kesho. Jua lao lingekaa palepale, nusu limechomoza. Lolote wangesema wafanye sasa, maana hawana wakati mwingine wa kulisogezea. Chini yake Kinyozi kaandika: "Mwalimu kaniambia hii nimwambie mdogo wake, nimekwenda hakutaka."

Nimekaa na daftari hilo mpaka chai ikapoa. Nimeapa. Kwa jina la mama yetu nimeapa: sitasema uongo tena, wala sitamnunia tena mtu wa nyumbani kwangu, hata saa moja.

Jumamosi, 29 Machi

Mkuu wa shule aliyofundisha Dada kaja mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wake. Jumatatu kutakuwa na kumbukumbu mbele ya wanafunzi wote, na mimi ndugu yake naombwa nizungumze dakika tano. Sio Kinyozi. Mimi!

Nimeandika hotuba. Nzuri kupita kiasi. Nimeanza na utoto, nikaja kwenye kibatari na mdudu, nikaeleza kama niliyekuwa nayajua siku zote. Halafu nimeandika kwamba wakubwa wa dunia walimjibu Dada kwa barua ndefu yenye mhuri, na kwamba sayari ya katikati ina jina lake. Na kwamba bahasha niliipeleka mimi, kwa mkono wangu, kwa rejista, mvua ikinyesha.

Si uongo. Ni heshima, na heshima huongezwa upana kidogo ili ikae vizuri mabegani.

Mke wangu kaisoma kwa jicho moja, kile kioo kingine sijamrudishia. Kachukua kalamu, kakata barua, kakata sayari, kakata mvua. Kabakiza mstari mmoja: alinifundisha, sikusikiliza. Kasema nisome huo tu, halafu nikae.

Mbele ya wasichana mia nne! Fundi mzima! Nikamwambia amenivunjia heshima. Kasema anasema hivyo kwa kuwa ananipenda, kaniomba nije tule chakula kabla hakijapoa. Kanishika mpaka mkono. Nikautoa.

Sasa niko kibandani. Naandika hotuba upya, yote, na mvua nimeizidisha. Ameniita mara mbili kutoka uani, sauti ya chini, kama mtu aliyechoka. Siitikii. Sisemi naye leo, wala kesho. Aombe radhi kwanza. Mimi sina haraka, muda ninao.